Sinki limo chumbani mwa daktari, mfereji ni mkavu. Huko kwenu daktari hunawa wapi?

#1 MamaWawili_Umoja

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke.

Jumanne nilimpeleka kijana wangu wa miaka minne kwa kliniki moja huku Eastlands. Jina siliweki, msiniulize hata inboksi. Sikio lilikuwa linatoa usaha tangu Jumapili, usiku hakulala, na mimi je? Tulikuwa wa saba kwenye foleni. Mbele yetu aliingia mama na mtoto mchanga anayeharisha. Nilijua anaharisha kwa sababu benchi nzima ilijua. Walipotoka tukaitwa sisi.

Chumba chenyewe ni kizuri, sitadanganya. Kimepakwa rangi juzi, kitanda cha kupimia kina plastiki safi, ukutani kuna bango la jinsi ya kunawa mikono, lile lenye picha za viganja vikisuguana. Chini ya bango kuna sinki jeupe la maana kabisa. Ndani ya sinki: katoni ya glavu, faili nne na chaja ya simu. Mfereji umefungwa bandeji shingoni kama mtu mwenye kidonda cha koo. Pembeni kuna kipande cha sabuni kilichopasuka kama shamba la Ukambani wakati wa kiangazi.

Mezani kulikuwa na chupa ya sanitaiza. Daktari akaibonyeza mara mbili, ikakohoa hewa. Akasugua viganja hivyo hivyo vikavu, mimi nikimwangalia, kisha akashika sikio la mtoto wangu.

Sikusema kitu, na hilo ndilo limenikalia rohoni tangu siku hiyo. Muuza mahindi pale steji akishika noti halafu akashika hindi langu, namwambia bila aibu. Kwa daktari ulimi ulikauka kuliko ule mfereji.

Sasa naomba kujua: chumba cha daktari kinafaa kuwa na nini hasa cha kunawia? Na mgonjwa akiona hakuna, anasemaje bila kufukuzwa?

#2 Kamaa_Roysa

Ulienda kukagua sinki ama mtoto atibiwe? Dawa alipewa? Sikio linapona? Basi. Korona iliisha, sanitaiza zilikuwa biashara ya watu.

#3 MamaWawili_Umoja

Limeanza kukauka, asante kwa kuuliza. Swali bado liko pale pale.

#4 SistaZamuYaUsiku

Mama Wawili, pole na mtoto. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na sita kazini, na hicho kikohozi cha chupa nakijua kama sauti ya mume wangu.

Wacha nianze na mikono yenyewe, sinki litafuata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unataja nyakati tano. Kabla hujamgusa mgonjwa. Kabla ya kazi inayotaka usafi mkali, mfano kuweka dripu au kufunga kidonda. Baada ya kuwa karibu na damu, usaha, mkojo na ndugu zake. Baada ya kumgusa mgonjwa. Na ile ya tano ambayo wengi wetu huisahau: baada ya kugusa vitu vyake hata kama mwenyewe hukumgusa, yaani shuka, kitanda, ile plastiki uliyoisifia. Daktari wako alikuwa na deni mara mbili kabla hajafika kwenye sikio: la mtoto aliyetoka na la mtoto aliyeingia.

Sasa tupige hesabu, maana watu hudhani ni uvivu tu. Kunawa kwa maji na sabuni inavyotakiwa, kuanzia kulowesha hadi kukausha, ni sekunde 40 hadi 60. Daktari mwenye wagonjwa 50 akinawa mara mbili kwa kila mmoja, hadi dakika 100 zimeenda kwenye sinki. Kwa sanitaiza ni sekunde 20 hadi 30, kwa hivyo hazizidi dakika 50, tena anaweza kusugua huku akikuuliza mtoto alianza lini. Ndiyo maana mwongozo unasema sanitaiza iwe ya kwanza ikiwa mikono haina uchafu wa kuonekana, na chupa iwe pale pale mgonjwa alipo, mkono unapofika bila kupiga hatua. Chupa ikiwa kwenye kabati la mapokezi hiyo ni pambo.

Lakini kwa yule mtoto wa kuharisha, sanitaiza hata ikiwa imejaa haitoshi. Norovirasi haisikii spiriti vizuri, na kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile, anajifungia ndani ya ganda, spiriti inampitia juu kama mvua kwenye bati. Hapo ni maji, sabuni na kusugua. Kwa hivyo vitu vyote viwili vinatakiwa, hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Halafu kukausha. Mikono mibichi hupokea na kugawa vijidudu kwa urahisi kuliko mikavu. Taulo moja ya kitambaa iliyoning'inia tangu Jumatatu ni kazi bure. Na koti la daktari si taulo! Nawaona, ndugu zangu, nawaona.

#5 Mwana_wa_Kibokoni

Nimesoma kimya mpaka hapa. Nashukuru mumesema kunawa. Nyinyi watu wa Nairobi mwaniudhi mukisema "kuosha mikono". Mikono hunawa mtu, vyombo huosha, nguo hufua, mwili huoga. Ndiyo hayo tu, naendelea kusoma.

#6 Kamaa_Roysa

Sasa mwalimu wa Kiswahili naye ameingia kliniki.

#7 Tabibu_wa_Ploti

Nitajitokeza mimi wa upande wa pili, mnipige mawe polepole. Mimi ni tabibu na nina kliniki yangu ndogo. Si ile ya Mama Wawili, lakini ingeweza kuwa.

Ploti nyingi tunazokodi zilijengwa kuwa maduka. Unaingia, unagawanya kwa plaiwudi, chumba cha daktari, maabara, chumba cha sindano. Bomba la maji liko nyuma karibu na choo. Ukimwambia mwenye ploti unataka kutoboa ukuta upitishe bomba, anakuuliza kama unataka pia kununua nyumba. Mimi nilianza na sinki moja koridoni, tukilitumia sote pamoja na maabara. Ndiyo, najua, Sista, usinitukane.

Halafu maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu, ndipo yanatufikia. Bomba moja likipasuka huko juu, sisi wa mwisho wa laini tunasikia mfereji ukipumua tu. Kwetu ratiba ni siku mbili kwa wiki, na siku hizo yanakuja saa nane usiku. Usipokuwa na tangi, sinki lako ni rafu ya faili. Naelewa kabisa jinsi ile katoni ya glavu ilivyofika pale. Siku ya kwanza huwa ni kitu kimoja tu, "naweka hapa kidogo".

Na tusijidhanie ni sisi peke yetu. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 ilisema karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina vitu vya kunawia vilivyo kamili. Kipimo chao si kikali hata: maji na sabuni au sanitaiza pale mgonjwa anapohudumiwa, na maji na sabuni ndani ya mita tano kutoka choo.

Nikiri na hili. Wakaguzi wanapokuja kuhusu leseni, wana orodha yao na usafi wa mikono umo. Siku hiyo kwangu sabuni huwa mpya, tishu zipo, mtungi umejaa. Wiki inayofuata tunarudi kuwa binadamu.

#8 Kamaa_Roysa

Kwa hivyo mgonjwa mwenye akili aulize siku ya ukaguzi ndiyo augue siku hiyo. Sawa, nimeelewa. Naondoa lile la sikio.

#9 Plamba_wa_Kirinyaga

Sinki limetajwa, nimeamka.

Nimefunga masinki kwenye kliniki nyingi na kosa huwa lile lile: mtu ananunua sinki la nyumbani, lile la bei nafuu lenye kichwa cha mfereji cha kuzungusha. Fikiria: unashika kichwa kwa mkono mchafu kufungua, unanawa, halafu unashika kile kile kufunga. Umejirudishia mzigo wako. Chumba cha daktari kinataka mfereji wa mkono mrefu, unaosukumwa kwa kiwiko. Kama pesa haipo, basi fungia kwa karatasi ile uliyojikaushia, halafu uitupe.

Pili, maji yasidondoke moja kwa moja juu ya tundu la kutokea. Ndani ya lile tundu kuna utelezi, mumeuona mkisafisha, na ule utelezi ni makazi ya vijidudu. Maji yakiupiga kwa nguvu yanarukia mikono, koti na chochote kilicho kando. Chukua mfereji ambao mdomo wake unamwaga pembeni kidogo ya tundu. Kizibo cha mnyororo usiweke, hakuna anayeloweka nguo pale. Na lile tundu la juu la kuzuia kufurika, chagua sinki lisilo nalo, kwa sababu huwezi kuingiza brashi humo.

Tatu, na hili ni kwa Mama Wawili. Ulisikia harufu? Chini ya sinki bomba linapinda, na pale penye kona hukaa maji yanayoziba hewa ya sewa. Sinki lisipotumika wiki kadhaa, yale maji yanakauka, na hapo harufu na mende wanapata njia. Watu wanaziba tundu kwa gazeti wakidhani sinki ni bovu. Sinki si bovu, lina kiu. Mwaga kikombe cha maji kila siku hata kama mfereji hautoi.

Sinki la pamoja na maabara mimi siwezi kuongea, Sista atanimalizia.

#10 SistaZamuYaUsiku

Nakumalizia. Panaponawiwa mikono hapamwagwi mkojo, hapaoshwi vifaa, hapamwagwi chai iliyopoa. Tabibu, nunua karai na ndoo ya kumwagia, kama sinki la pili haliwezekani.

#11 Tabibu_wa_Ploti

Nilishalitenga tangu mwaka jana. Maabara wana lao. Chumbani kwangu nina mtungi wa lita 20 wenye mfereji mdogo, juu ya stuli, karai chini. Kila mtu ananawa kwa lita moja hivi, kwa hivyo mtungi mmoja ni mara ishirini ukibana. Wagonjwa 50 hauwatoshi, ndiyo maana nausaidia kwa sanitaiza na naacha maji kwa mikono iliyochafuka kweli. Mtungi tunajaza kwa shilingi 20, siku za ukame 50.

Sista, sanitaiza inanimaliza. Najua kuna mchanganyiko wa WHO ambao hospitali kubwa hujitengenezea. Mtu mdogo kama mimi anaweza?

#12 SistaZamuYaUsiku

Mchanganyiko upo na si siri. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, halafu unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10. Unafunga, unaacha saa 72 kabla ya kutumia, ili peroksaidi imalize mbegu za bakteria zilizo ndani ya spiriti au chupa. Gliserini ni ya ngozi, ukiiruka wafanyakazi watakuwa na mikono kama ile sabuni ya Mama Wawili na wataacha kuitumia.

Lakini hiyo hutengenezwa na watu wa famasia wanaojua kupima, kwenye chumba chenye hewa, mbali na moto. Ethanoli inashika moto kabla hujamaliza kusema "uwii". Na spiriti ya kununua vichochoroni inaweza kuwa methanoli, ambayo ni sumu. Wewe ungana na kliniki mbili tatu mnunue pamoja kwa mitungi kutoka kwa muuzaji anayejulikana, yenye alama ya KEBS, wale wa viwango vya ubora Kenya, na asilimia 60 ya alkoholi kwenda juu.

Jambo moja la mwisho kabla sijaingia zamu. Sabuni ya maji ile ya kupimiwa mtaani: watu hutia maji kidogo iongezeke, na chupa ikikaribia kuisha wanajazia juu ya mabaki. Bakteria wanaishi ndani ya sabuni hiyo, wananenepa. Chupa iishe, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe. Kipande cha sabuni ya kawaida ni sawa tu, mradi kikae kwenye kisahani chenye matundu kisilale kwenye maji.

#13 Kifagio_Mkononi

Samahani wakubwa, hamjaniuliza. Mimi ni mfanyakazi wa usafi hospitalini, si kliniki. Nimesoma mabomba, mfereji wa kiwiko, ethanoli, na hakuna aliyeuliza ni nani anajaza.

Ni mimi. Nafika saa kumi na mbili kasoro. Maji yako kwenye tangi la chini, vyumba vya madaktari viko orofa ya pili, lifti haijawahi kuniita. Napandisha mitungi sita, miwili miwili. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, mtu asikudanganye. Nikimaliza naweka sabuni, natoa tishu stoo, ambazo stoo hunihesabia kama ni za kwangu za nyumbani. Kufikia saa tano mitungi minne imekauka na mimi niko wadi ya wanawake nafanya kazi nyingine. Daktari akiona mtungi mkavu haniiti. Anasugua viganja hivyo hivyo, kama wa Mama Wawili.

Siku yangu ya mapumziko mitungi pia hupumzika. Hakuna karatasi popote iliyoandikwa kwamba Jumapili ni fulani. Na wakati wa semina ya usafi wa mikono, wanaitwa madaktari na manasi, wanapewa fulana na chai. Mimi naitwa kupanga viti.

#14 Plamba_wa_Kirinyaga

Dada, umenifunga mdomo.

#15 SistaZamuYaUsiku

Hili nalipeleka kwa matroni kesho asubuhi. Kwetu pia hakuna karatasi ya Jumapili, nimekumbuka sasa hivi.

#16 Tabibu_wa_Ploti

Kwangu anayejaza ni yule kijana wa mapokezi, na sijawahi kumwambia rasmi. Anajaza tu kwa sababu mamake alimlea vizuri.

#17 Mzee_Donholm

Wanangu, tumerudi nyuma. Mwaka 2020, baada ya ule mwezi wa Machi, hungeingia hata kununua msumari bila kunawa. Vijana wa jua kali pale Kamukunji walitengeneza vile vyuma vya kukanyaga, mguu mmoja maji, mguu mwingine sabuni, mkono haugusi kitu. Ni kitu cha akili sana. Leo pita mtaani uangalie: kimoja kimewekwa maua, kingine kimeegeshewa mopu, cha benki yangu kimefungwa mnyororo wa baiskeli. Mngevichukua hivyo mkavipeleka kwenye vyumba vya madaktari, nusu ya uzi huu haingeandikwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imetaja afya na ikataja maji safi, humo humo. Ni vizuri. Lakini kifungu hakipandishi mtungi orofa ya pili, kama huyu binti.

Mama Wawili, kuhusu kumwambia daktari. Usimwambie "hujanawa". Hiyo ni kumvua nguo mbele ya mtoto. Mimi humwambia, "Daktari, tafadhali nawa kwanza, mimi nitasubiri, sina haraka." Sijawahi kukataliwa. Mvi zinasaidia, sikatai.

#18 SistaZamuYaUsiku

Ni kweli, Mzee. Na akivaa glavu bila kunawa, mwambie vivyo hivyo. Glavu si ngozi mpya. Zinatoboka bila kuonekana, na kuzivua kunachafua mikono, kwa hivyo ananawa kabla na baada. Ukiona glavu moja imetumika kwa wagonjwa wawili, hiyo hata usingoje, ondoka.

#19 Kamaa_Roysa

Mzee, hiyo ya "sina haraka" naiiba.

#20 MamaWawili_Umoja

Wadau, nimerudi na habari. Leo ilikuwa siku ya kumrudisha kijana sikio liangaliwe.

Nilifanya mazoezi ya sentensi ya Mzee kwenye matatu mpaka konda akadhani naongea naye. Tumeingia. Katoni ya glavu haimo tena ndani ya sinki, iko juu ya kabati. Faili hazipo. Bandeji bado iko shingoni mwa mfereji, lakini kando ya sinki kuna stuli, juu yake mtungi wa bluu wenye mfereji mdogo, na sabuni kwenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Sijui kama daktari anasoma humu au ni bahati tu. Kama unasoma, daktari, asante, na samahani kwa ile ya kidonda cha koo.

Nikamwambia, "Daktari, tafadhali nawa kwanza, mimi nitasubiri, sina haraka." Akanitazama kidogo. Akacheka, akasema, "Mama, leo hata mimi nilikuwa naenda huko." Akakunja mikono ya koti, akafungua mfereji wa mtungi, akapaka sabuni, akasugua viganja, nyuma ya mikono, katikati ya vidole, hadi vidole gumba, kama lile bango lilivyochorwa. Kijana wangu akawa anamhesabia, akafika kumi na nne, akarudi tena kumi na moja, hapo ndipo anapojua mpaka sasa. Nilikuwa karibu kulia, sitanii.

Halafu daktari akafunga mfereji, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajifuta kwa koti.

#21 SistaZamuYaUsiku

KOTI!

#22 Kifagio_Mkononi

Tishu ziko stoo. Waambie wakamwombe mwenye ufunguo.